Kichwa ndani ya friza YANGU, mbele ya wateja!!!

MamaBarafu_Mkomani:
Naandika mikono yatetemeka, mtu asinikosoe herufi.

Mwamjua. Simtaji jina, lakini mwamjua, na kama uko Lamu na humjui basi sijui uko Lamu ipi. Ni yule aliyeshuka gatini na jaketi begani wakati punda wenyewe wamejibanza kivulini. Aliondoka hapa kijana mwembamba, kutwa majini na wenziwe, ngozi imepauka chumvi. Amerudi kutoka huko Finland jua halijui, jasho halijui, sisi pia hatujui vizuri.

Tangu aje ni wimbo mmoja. Huku joto, kule baridi. Kule ukifungua bomba maji yatoka ya baridi yenyewe. Kule mtu hutembea toka asubuhi hadi jioni na shati kavu. Kule hakuna mbu. Haya, tumesikia, tukanyamaza, mgeni ni mgeni hata akiwa wa mtaani.

Leo adhuhuri kaskazi imelala, hata kanga kambani hazitikisiki. Duka limejaa. Watoto wa madrasa wametoka wataka barafu za ukwaju, na bibi mmoja mwenye heshima zake amekuja kuagiza juisi ya harusi. Bwana akaingia. Salamu hakutoa. Akanipita, akafunua friza, akainama, akaingiza kichwa.

KICHWA. Na mabega. Katikati ya barafu za ukwaju na samaki wa jirani. Akatulia humo. Watoto wakaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na walipofika ishirini wakakosana wakaanza upya. Kisha ikatoka sauti ndani ya friza, nzito kama ya mzimu:

“Aaaah. Nyumbani.”

Nyumbani! Mtu kitovu chake kimezikwa hapa hapa Lamu, mtaa wa Mtamwini, nyumbani kwake ni ndani ya friza yangu!

Akainuka, ndevu zina chembe za barafu, akanitazama akasema bibi wa watu asikia: “Dada, joto hili ndilo linalowalaza mchana. Kule ukilala ovyo wafa, ndiyo maana watu wafanya kazi.” Mimi niliyeamka kabla ya adhana kukamua ukwaju! Naye mwenyewe kuamka kwake ni saa sita, akiulizwa asema mwili haujazoea saa za huku. Lipi hasa ambalo mwili wake umezoea? Friza!

Tokeni za stima zimekwenda, mfuniko ulikuwa wazi muda wote ule. Barafu za juu zimelainika. Moja ina unywele. Nishaitupa, msiniulize.

KusiKaskazi:
Ngoja kwanza. Hiyo yenye unywele ulitupa au uliuza? Mwanangu alinunua kwako saa nane.

MamaBarafu_Mkomani:
Nimesema nimetupa. Watu wanaingiziwa kichwa kwenye friza wewe waniuliza unywele.

Nahodha_Mstaafu:
Pole mwanangu. Mimi yalinikuta barazani kwa bwana huyo huyo. Alituambia bahari ya kule huganda. Tukacheka. Akatuonyesha picha kwenye simu: mji waitwa Oulu, mbele yake kuna kisiwa, Hailuoto, na baridi ikishika sawasawa watu huvuka kwa gari juu ya barafu. Gari! Juu ya bahari! Na kuna vibao vya barabarani kabisa. Sikulala. Miaka yote hii nimevusha watu Mokowe kwa tanga na kwa mashine, kumbe wenzetu wangojea maji yawe magumu waendeshe.

PundaMwenyeHaki:
Lamu ikiganda punda watateleza, na wenyewe watatulaumu sisi wachukuzi.

ShemejiWaWote:
MamaBarafu, na friza yenyewe nani alituma pesa ikanunuliwa?

MamaBarafu_Mkomani:
Hayo ni mambo ya nyumba, hayahusiani.

ShemejiWaWote:
😂😂😂 Nauliza tu.

KusiKaskazi:
Kumbe! Basi kaingiza kichwa kwenye friza YAKE.

MamaBarafu_Mkomani:
Alitoa kwa ridhaa! Kilichotolewa kimetolewa! Na hata ingekuwa yake, mlango una hodi, wateja wana heshima, na kichwa kina mahali pake. “Aaaah. Nyumbani.” Nikikumbuka nasikia homa.

Daktari_wa_Barazani:
Tuwe na insafu kidogo. Mwili ukitoka baridini huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea joto. Na joto letu lina unyevu wa bahari, jasho latoka lakini halikauki, na bila kukauka halimpozi mtu. Ndiyo maana nyuzi 32 za Lamu humlemea mtu kuliko nyuzi hizo hizo za bara kukavu. Mgonjwa wa joto hupozwa kichwa na shingo.

MamaBarafu_Mkomani:
Apozwe kwako, daktari. Una friji, nimeiona.

Aliyewahi_Kuishi_Kule:
Naomba nimtoe nguo. Nimeishi Finland, nikarudi na akili zangu. Hao watu anaowasifu kwa baridi, wana chumba kiitwacho sauna. Nchi ina watu milioni tano na nusu na sauna zaidi ya milioni tatu. Mwaingia uchi, mwakaa kwenye benchi la mbao, joto nyuzi 80 na zaidi, mtu amwagia maji mawe ya moto mvuke uwapande, na wengine hujipiga kwa matawi ya mti. Kwa HIARI. Wakitoka wachupa kwenye maji ya barafu, kisha warudi ndani tena. Sasa bwana huyo nyuzi 32 zimemshinda za nini, na huko kila wiki alikuwa akijipika?

Na kwamba hakuna mbu, huo ni uongo mchana kweupe. Kiangazi kule kaskazini, Lapland, mbu huja kama wingu. Amewasahau kwa makusudi.

PundaMwenyeHaki:
Kujipiga na matawi?? Mimi nikimgusa punda kwa fimbo nashtakiwa.

BintiShela:
@Aliyewahi tuambie ukweli, kuzuri au vipi? Nina posa ya kule.

Aliyewahi_Kuishi_Kule:
Nyumbani mwao kuna joto kuliko kwako, madirisha ya vioo vitatu, ndani wavaa fulana. Shida ni nje, na giza. Disemba pale Oulu jua latoka saa nne unusu na saa nane mchana lishaingia. Madaktari wao wenyewe husisitiza watu wapate vitamini D. Juni ndiyo kinyume. Ramadhani ya 2016 iliangukia Juni, magharibi ni karibu saa sita ya usiku na kabla ya saa tisa u na jua tena usoni. Hapo futari na daku ni sahani moja. Wengine walifuata saa za Makka, wengine walikaza hivyo hivyo. Huku saumu ni saa 13 na ushee, iwe kaskazi iwe kusi, na bado mwalalamika.

BintiShela:
Posa nimeiahirisha.

Nahodha_Mstaafu:
Sahani moja ya futari na daku 😂 Allah atuhifadhi.

MamaBarafu_Mkomani:
Jamani turudini kwenye mada. KICHWA. Friza. Watoto wanahesabu.

Mpangaji_Langoni:
Mada ni joto, na mimi nina la kwangu. Nyinyi wa nyumba za mawe mwalalamikia joto gani? Ukuta wa matumbawe na chokaa unene wa mkono mzima, kiwanda (ua wa wazi) katikati, dari ya boriti juu kama msikiti. Ndani humo adhuhuri ni pepo. Mwenye nyumba wangu ameezua makuti akapiga mabati, kisha akaongeza kodi, ati “nimekarabati”. Saa nane mchana nimeweka yai dirishani kwa majaribio. Sitasema matokeo.

KusiKaskazi:
Sema.

Mpangaji_Langoni:
Paka alilichukua kabla halijaiva. Lakini lilikuwa njiani.

ShemejiWaWote:
Makuti nayo yana yake. Popo, mijusi, mvua ya kusi ikija na upepo yapeperuka, kila baada ya miaka michache waezeka upya, na bei ya makuti sasa hivi waijua? Na moto ukishika mtaa mzima wakimbia.

Mpangaji_Langoni:
Afadhali mjusi. Mjusi haongezi kodi.

PundaMwenyeHaki:
Mwenye mabati aongezewe kodi, mwenye punda aongezewe lawama. Jana nimefokewa kwa kinyesi ndia kuu, na punda si wangu. Punda wangu namjua, ana adabu, husubiri pembeni.

Nahodha_Mstaafu:
Punda wako ndiye aliyekula mkeka wangu mwaka jana.

PundaMwenyeHaki:
Ami, mkeka ule ulikuwa njiani.

MamaBarafu_Mkomani:
Mwanisikia lakini?

BintiShela:
MamaBarafu, bwana huyo ana mke?

Muuza_Mitumba_Mokowe:
Samahanini kuingilia. Kuna koti la baridi limetoka kwenye beli, lina manyoya ndani na kofia yake, jipya kabisa, latosha mtu mnene. Limenikalia tangu mfungo mosi. Bei maelewano. Kama bwana huyo arudi kule karibuni, nitamvushia mwenyewe.

KusiKaskazi:
Lazuia mbu?

Muuza_Mitumba_Mokowe:
Lazuia mpaka hewa.

Mpangaji_Langoni:
Niwekee. Nalitandika juu ya bati.