Tendaguru kuna nyayo za dinosaria au mifupa tu? Mzee kaokota jiwe la ajabu shambani

Mkorosho_Mmoja:
Habari zenu wakuu. Mimi nipo Lindi vijijini, huku bonde la Mbwemkuru. Juzi mzee wangu anapalilia mikorosho jembe likagonga kitu, kukiinua akaona hili sio jiwe la kawaida, zito kuliko ukubwa wake, rangi kama chai ya rangi iliyokolea, na pale lilipokatika ndani kuna vitundu vidogo vidogo vimebanana kama sega la nyuki. Kalitia kwenye kiroba kaja nalo nyumbani. Alafu hatua chache kutoka hapo kuna mwamba tambarare una mashimo matatu ya duara, majirani wanasema ni nyayo za yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, kile kilima cha huku kwetu Lindi kilichotoa mifupa ya dinosaria. Naomba kujuzwa, Tendaguru kuna nyayo kweli au mifupa tu? Na hili jiwe tufanyeje, maana kuna mtu anatushawishi tulipasue tuangalie kama lina madini. Natanguliza shukrani.

BintiWaLiwale:
Msipasue ndugu yangu, nakuomba sana!! Huyo anayewashawishi mwambieni aende zake

Mwl_Jiografia:
Mkuu nianze na nyayo. Tendaguru sifa yake ni mifupa, nyayo zinazojulikana sana Tanzania ni za Laetoli kule Ngorongoro na zile ni za binadamu wa kale, zina miaka milioni 3.6 hivi, sio za dinosaria, watu wengi wanachanganya. Mashimo ya duara kwenye mwamba mara nyingi ni kazi ya maji tu. Nyayo za kweli utaziona zinapishana kushoto na kulia kwa hatua zinazokaribiana urefu, na pembeni tope lililosukumwa na mguu linaacha ukingo. Angalia hivyo vitu viwili kwanza.

Sasa hilo jiwe ndo limenifanya niinuke kwenye kiti. Vitundu kama sega ni dalili ya mfupa, kwa sababu mfupa ndani ndo ulivyo, hata ukivunja wa ng'ombe pale kwenye kifundo utaona. Na huko uliko ni ukanda wenyewe. Mwaka 1906 mhandisi wa madini Mjerumani anaitwa Bernhard Sattler alikuta mifupa mikubwa imechomoza juu ya ardhi pale Tendaguru, kuanzia 1909 mpaka 1913 makumbusho ya Berlin wakaja kuchimba, kuna kipindi vibarua walifika kama 500. Mifupa ikafungwa kwa plasta na mianzi, ikabebwa kwa vichwa na mabega hadi bandari ya Lindi, safari ya siku nne kwa miguu, zaidi ya tani 200 zote zimepita hivyo hivyo kwenye migongo ya watu. Na hii ni miaka michache tu baada ya Majimaji, jaribu kufikiria hali za hao watu zilikuwaje. Yule mkubwa kabisa, Giraffatitan, amesimamishwa Berlin tangu 1937, urefu kwenda juu mita 13.27, mnazi mzima huo.

Ukiona makombe ya baharini humo shambani usishangae, miaka milioni 150 iliyopita hapo palikuwa pwani, tabaka la mifupa linafuatiwa na tabaka la mchanga wa bahari alafu tena mifupa.

Shangani_Mtwara:
Mwalimu umenena ila umeruka majina ya wenyewe. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu wetu, yeye ndo aliyekuwa anajua kuutoa mfupa bila kuvunjika. Zimepita karibu miaka 100 ndo 2007 kuna dinosaria akaitwa Australodocus bohetii kwa ajili yake. Na 2019 kuna mwingine, Wamweracaudia keranjei, maana yake mkia wa Wamwera, na hilo keranjei ni Mohammadi Keranje aliyeongoza kundi lililouchimba. Bibi yangu mzaa mama ni Mmwera, siku namsomea hilo jina alinyamaza kwanza, akanambia rudia. Nikarudia mara tatu. Kwa hiyo watu wanapobishana yule mjusi wa Berlin arudi nyumbani au asirudi mimi nasema sawa tubishane, lakini hata shule za huku kwetu watoto hawayajui haya majina mawili, hilo linaniuma kuliko yote.

Nyasa_Boy:
Tusisahau na Ruvuma wakuu. Kama mnatafuta wa zamani kabisa ni Nyasasaurus, mifupa yake ilichukuliwa jirani na Ziwa Nyasa miaka ya 1930, jina rasmi kaja kupewa 2012, ana kama miaka milioni 243, huenda ndo dinosaria wa kwanza kabisa duniani au ndugu yake wa karibu. Wa Tendaguru kwake ni vitukuu. Kuna na Asilisaurus kongwe wa 2010, jina limetoka kwenye asili na kongwe zetu hizi hizi.

Mkorosho_Mmoja:
Asanteni sana, nimemsomea mzee yote. Ile ya Wamwera imemgusa, anasema babu yake alikuwa anasimulia habari za kubeba mizigo ya Wazungu mpaka Lindi ila hakuna aliyekuwa anajua ni mizigo ya nini. Jiwe halipasuliwi tena. Sasa tulipeleke wapi?

Mwl_Jiografia:
Mpe mzee shikamoo yangu, na hayo masimulizi mrekodi kwenye simu leo leo kabla ya kitu kingine chochote.

Jiwe lirudisheni lilipotoka, kwa upande ule ule lililokuwa limelalia kama mzee anakumbuka, kwa sababu mfupa ukihama kwenye tabaka lake mtaalamu hawezi tena kujua ni wa lini. Msichimbe kutafuta mengine, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka kibali. Toeni taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji, muombeni awaunganishe na afisa utamaduni wa wilaya. Na piga picha: moja ya karibu, weka sarafu ya shilingi 200 pembeni ukubwa uonekane, nyingine ya mbali iuonyeshe na mkorosho wa jirani ili shimo lisipotee mvua zikianza.

Mkorosho_Mmoja:
Sawa mwalimu. Mzee kashachukua kiroba, tunaenda sasa hivi kabla jua halijawa kali.