Tupeane uzoefu: kutengeneza saa za mkononi nyumbani kwa sisi wa Unguja na Pemba

Kamani wa Mkunazini:

Assalaam aleikum ndugu zangu. Uzi huu ni wa wale tunaofungua saa kwa mapenzi, si kwa biashara. Mafundi saa wa Darajani wana heshima yao na wala hatushindani nao. Nnaowatafuta ni watu wanaokaa baada ya Isha, wakatandika kitambaa cheupe mezani, wakafungua saa ya mzee wajue imekwama wapi. Kila mtu atoe kisa chake: saa gani, kifaa gani, mbinu gani imefanya kazi. Nnataka khasa yanayotuhusu sisi, maana maelekezo mengi tunayoyasoma yameandikwa na watu wa nchi za baridi ambako saa haili chumvi mwaka mzima.

Naanza mimi. Fedha ya mwanzo iende kwenye bisibisi, kibano na lenzi, na vyengine visubiri. Bisibisi za saa huhesabiwa kwa upana wa ncha. Ukiwa nazo za milimita 0.8, 1.0, 1.2 na 1.6, karibu kazi zote za saa ya mkononi utazifanya. Ncha iujaze mfereji wa parafujo kutoka ukingo hadi ukingo. Iliyo nyembamba huteleza, na ikiteleza inachora chuma au, kwenye saa za betri, inakata waya mwembamba uliozungushwa, yaani koili. Zile seti za bei rahisi zinafaa pia, lakini chuma chake ni laini, kwa hivyo ziwe na jiwe la kunolea karibu.

Lenzi yangu niliipata kwa sonara. Watu hukimbilia ile inayokuza mara 10, lakini hiyo inakulazimu usogeze jicho mpaka kiasi cha sentimita mbili na nusu kutoka kwenye saa, na hapo bisibisi haina pa kupita. Ya mara 4 au 5 ndiyo ya kufanyia kazi. Ya mara 10 iweke ya kukagulia tu.

Saa iliyonipa raha kuliko zote ni HMT ya kujaza kwa mkono, aliyoiacha babu. HMT ni za India, kiwanda chao kilianza Bangalore mwaka 1961 kwa ushirikiano na Citizen wa Japani, na ndani yake mpango wa magurudumu ni wa wazi, unaeleweka kwa mtu anayeanza. Ilikuwa haikuvunjika kitu. Mafuta ya zamani yaliganda tu yakawa kama gundi. Niliisafisha, nikaitia mafuta mapya, na sasa bibi ndiye anayeijaza kila asubuhi. Hataki mtu mwengine aishike.

Haya, wapi wengine?

Mtoto wa Mwani, Jambiani:

Waaleikum salaam. Mimi si mtu wa saa za kujaza, mimi ni mtu wa Casio F-91W. Mama na mashangazi zangu wote ni wakulima wa mwani. Bamvua ikifika lazima wajue maji yanakupwa saa ngapi na yanarudi saa ngapi, na hiyo saa ndiyo wanayoivaa. Ilianza kutengenezwa 1989, mwaka uleule kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza huku pwani ya mashariki. Saa hizi kwetu zinakufa kwa chumvi kabla betri haijaisha, na betri yake kwa kawaida hukaa miaka saba.

Mbinu yangu ni hii. Kabla ya kugusa parafujo nne za nyuma, saa naiosha kwa maji baridi yasiyo chumvi na mswaki laini, naikausha, halafu natia tone dogo la mafuta ya kulegezea kutu kwenye kila kichwa cha parafujo naliacha usiku kucha. Parafujo iliyoshikwa na kutu ukiilazimisha mara ya kwanza kichwa kinaliwa, na hapo imekuwa kazi ya kutoboa. Mfuniko ukitoka angalia sana: kuna kamani ndogo mno inayopeleka umeme kwenye mfuniko ili saa ilie. Hiyo huruka, na watu wengi hawajui hata kama ilikuwepo. Baadaye wanashangaa saa imekuwa bubu.

Betri ni CR2016. Ukishaipachika, chukua kibano cha chuma, gusa ile sehemu iliyoandikwa AC na mgongo wa betri kwa pamoja, sekunde moja mbili, kioo kizime na kuwaka upya. Usipofanya hivyo saa inaweza kuonyesha takataka au isiwake kabisa, ukadhani imekufa. Nimeletewa F-91W nyingi zilizosemwa zimekufa na dawa ilikuwa hiyo tu.

Mwisho ni mpira wa kuzuia maji. Kama umebonyea au umepasuka, badilisha. Kama ni mzima, upake grisi ya silikoni kidogo sana, uwe unang'aa tu. Grisi ya magari usipake, inaula mpira.

Bi Kidogo, Fumba:

Nna swali la haraka. Saa ya mume wangu ikifika masika kioo kinafanya ukungu kwa ndani, jua likiwaka unaondoka. Je, ni ya kufungua au niiache?

Kamani wa Mkunazini:

Ifungue dada, usiiache. Ukungu unaoondoka haujatoka, umejificha tu ndani na unakula chuma. Vua mfuniko, iweke saa kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana pamoja na vile vipakti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, siku mbili tatu. Halafu badilisha mpira wa mfuniko. Mara nyingi unyevu hupitia pale kwenye kile kichwa cha kurekebishia majira, kwa hivyo huko nako kuangaliwe. Na hayo maandishi ya mita 30 yasikudanganye, maana yake ni mvua na kunawa mikono, si kuogelea.

Ami wa Ng'ambo:

Nimesoma, na nimefurahi kuona vijana wanashughulika na kazi hii. Mimi nimestaafu, na saa za kujaza ndizo zinazonikalisha macho. Nitasema mambo ambayo nikiwaona watu hawayafanyi roho inaniuma.

La kwanza, teremsha nguvu ya kamani kabla hujagusa kitu chochote ndani. Kuna kidole kidogo kinacholizuia gurudumu la kamani lisirudi. Shika kichwa cha kujazia kwa vidole viwili, kisogeze kile kidole pembeni kwa kijiti, uiache kamani ifunguke polepole ndani ya vidole vyako. Mtu akikitoa kile kiuma chenye vijiwe viwili vyekundu na kamani bado imejaa, magurudumu yote yanazunguka kwa kasi ya ghafla, na meno au ekseli nyembamba kuliko sindano zinavunjika. Hakuna kipuri chake hapa mjini.

La pili, gurudumu la mizani, lile linalokwenda na kurudi. Kamani yake ni nyembamba mithili ya unywele. Daraja lake, kile chuma kinacholishika kwa juu, ukishalilegeza usilinyanyue moja kwa moja juu, liinue taratibu kwa kibano na gurudumu liwe linaning'inia kidogo tu, kisha lilaze liwe juu chini. Kamani ile ikikunjika, kuinyoosha ni kazi ya mikono iliyofanya miaka.

La tatu ni kusafisha. Watu wanatumia spiriti kwa kila kitu. Spiriti haifai kwa kile kiuma, kwa sababu vijiwe vyake vimegandishwa kwa shelaki na shelaki huyeyuka ndani ya spiriti. Vijiwe vikisogea hata kidogo, saa imekwisha kwenda. Tumia petroli ya laita, ile nyepesi, madirisha wazi, na jiko lisiwe karibu. Matundu ya vijiwe vya ekseli yasafishwe kwa kijiti kilichochongwa ncha. Kijiti cha meno kinatosha, unakizungusha kwenye tundu mpaka kitoke safi.

La nne ni mafuta, na hapa nitasema kwa nguvu. Mafuta ya cherehani hapana. Mafuta ya nazi hapana kabisa, yanachacha na kunata. Mafuta ya saa yanauzwa kwa chupa ndogo, na hata ukiagiza kwa watu wanaosafiri, chupa moja utazikwa nayo haijaisha. Unahitaji mepesi, mfano Moebius 9010, kwa magurudumu ya haraka, na mazito, mfano HP-1300, kwa yale ya polepole yenye nguvu ya kamani. Tone lijaze nusu tu ya kile kikombe cha kijiwe. Ekseli za kiuma hazitiwi mafuta. Mafuta mengi ni mabaya kuliko machache, kwani yanatambaa mpaka kwenye kamani ya unywele na kuigandisha.

Na kabla ya kurudisha kiuma, jaza kamani kidogo sana uangalie magurudumu. Yakizunguka kwa ulaini na mwisho yakarudi nyuma kidogo kabla ya kusimama, basi njia ni safi. Yakikwama, tafuta hapohapo, usiendelee kufunga.

Mpemba wa Wete:

Ami shikamoo. Umetufungua macho wallahi.

Kisa changu ni cha usumaku. Baba ana Seiko 5 yenye mashine ya 7S26, ile inayojijaza kwa mkono kutembea. Ghafla ikawa inakimbia, kwa siku inakwenda mbele robo saa na zaidi. Fundi mmoja akamwambia inataka kusafishwa yote. Mimi nikaweka dira ya mkononi mezani, nikaisogeza saa karibu, sindano ikaenda nayo. Kumbe akirudi msikitini huiweka juu ya spika ya redio! Mizunguko ya kamani ya unywele ikishika usumaku inagandana, kamani inakuwa kama imefupishwa, na saa inakimbia.

Kifaa cha kutolea usumaku ni kile kiboksi cha plastiki, mara nyingi cha buluu, cha kuchomeka umeme. Weka saa juu yake, bonyeza kitufe, na huku umebonyeza uinyanyue saa polepole mpaka mkono umenyooka, ndipo uachie. Ukiachia saa ikiwa bado juu yake, inaweza kubaki na usumaku. Kazi ilikwisha kabla chai haijapoa. Vibano na bisibisi zangu navyo navipitisha hapo mara kwa mara, maana parafujo ndogo ikianza kung'ang'ania kibano, jua kibano chenyewe kina usumaku.

Msaidizi wa Maabara, Chake Chake:

Kwa wenye saa za betri, mita ya umeme ni kifaa kinachosahauliwa. Betri ya saa za mishale nyingi, SR626SW kwa mfano, ina volti 1.55. Hiyo 626 ni kipimo chake: upana wa milimita 6.8, unene 2.6. Ile ya LR626 inaingia palepale na ni rahisi zaidi, lakini ni ya alkali, nguvu yake hushuka kidogo kidogo na huvuja mapema. Kwa joto letu mimi siitii kwenye saa ya mtu.

Betri ikiwa nzima na saa haiendi, pima koili. Nyingi zinasoma kati ya omu 1,000 na 3,000. Ikisoma hakuna njia, waya umekatika, mara nyingi kwa bisibisi ya mtu aliyetangulia. Na mshale wa sekunde ukiruka mbilimbili au nnenne, saa si mbovu, inakuomba betri.

Mtoto wa Mwani, Jambiani:

Hili la kuruka sikulijua, ahsante sana. Je, saa iliyozama baharini yenye mashine ya kujaza? Kuna kijana wa boti ameniletea, imeingia maji jana.

Ami wa Ng'ambo:

Usingoje hata kesho mwanangu. Chumvi inaendelea kula hata saa ikiwa kavu. Fungua sasa hivi, ondoa mishale na uso wa saa kwanza, rangi ya uso haistahimili maji. Mashine ioshe kwa maji safi yasiyo chumvi, yale ya betri za gari yaliyochujwa ni bora, ubadilishe maji mara kadhaa. Kisha ichovye ndani ya petroli ya laita ifukuze maji yaliyobaki, uikaushe kwa pampu ya mpira ya kupulizia, usitumie mdomo, pumzi ina unyevu. Hapo umepata muda. Baada yake ifunguliwe yote, isafishwe kipande kimoja kimoja kama nilivyosema, na kamani kubwa itolewe ndani ya pipa lake, kwani maji hukaa humo na huyaoni mpaka kutu imeshatoka.

Kama chuma chochote kimeshaanza rangi nyekundu, nipigie picha uiweke hapa tuone kabla hujakikwaruza.

Bi Kidogo, Fumba:

Nimefungua ya mume wangu. Mpira wa mfuniko umekatika pande mbili. Kipenyo chake nakipimaje ili nipate wa kubadilishia?

Kamani wa Mkunazini:

Usiupime mpira wenyewe dada, ushavutika. Pima mfereji unaokaa mpira kwenye mfuniko kwa rula ya kubana, upana wa ndani kisha kina chake. Mpira uwe mnene kuzidi kina kidogo tu ili mfuniko uubane. Wauzaji wa vifaa huuza boksi la mipira ya saizi mbalimbali. Leta vipimo, nnalo boksi hilo, nitakutolea mmoja.