Mradi wa mabilioni, modeli ya BIM (mradi mzima umejengwa kwanza kwenye kompyuta) ipo, ila michoro tunatumiwa WhatsApp. Hivi tunataniana?

Wakuu, mods naomba msiuunganishe huu uzi na mwingine.

Niko saiti ya barabara kubwa, jina silitaji maana nina watoto wanasoma. Kwenye mkataba imeandikwa taarifa zote zitasimamiwa kwa ISO 19650, kile kiwango cha kimataifa cha kusimamia taarifa za ujenzi, yaani seva moja tu, na mchoro ukiwa na P mbele, P01, P02, huo bado unajadiliwa, ukifika C01 ndio wa kujengea. Mtoto wa la nne anaelewa. Sasa subirini ya Jumanne.

Kalavati la boksi, nondo za ukuta tumeshasuka, milimita 16 kila baada ya milimita 150, mbao zimefungwa, gari la zege liko njiani. Anakuja mkaguzi wa mshauri na tableti yake, anapima kwa futi, anaguna. "Injinia, hizi zilitakiwa 125." Namtolea karatasi yangu, ina doa la chai, P03. Yake C02. Imepitishwa wiki tatu nyuma! Wiki tatu nzima mchoro umekaa kwenye seva na mimi nasuka nondo za mchoro uliokufa!

Na kwa nini sikujua? Kwa sababu leseni za kuingilia zimenunuliwa chache wakapewa mabosi, mmoja wao kila Jumatatu anamwita kijana wa IT amkumbushe paswedi. Fomani hana, surveya hana, mimi sina. Sisi tunatumiwa picha kwenye grupu, imepigwa kwa simu kutoka kwenye skrini ya laptopu, ukiizumu unaona vumbi la kioo ila namba ya revisheni huioni, na jina la faili eti "kalavati FINAL mpya 2 hii ndio".

Tumefumua. Kazi ya siku mbili, vijana wanafumua huku wananiangalia mimi kama ndiye niliyechora.

Hata modeli yenyewe ina vituko. Mchoro wa bomba la maji ulikuwa wa zamani, uko kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa vipimo vya ramani, dogo wa ofisini akaumwaga hivyo hivyo kwenye modeli ya WGS84, mfumo unaotumiwa na GPS, na kwa huku kwetu ukichanganya hizo mbili kitu kinahama karibu mita 300. Kwahiyo kwenye modeli bomba linapita katikati ya shamba la mihogo la mzee wa watu, na pale lilipo kweli panaonekana peupe, kijiko kikashuka kwa raha zake. Mtaa mzima ulikosa maji.

Na msianze zile za "Bongo bwana". Laufenburg, mpakani mwa Ujerumani na Uswisi, walijenga daraja kila mmoja na usawa wake wa bahari, tofauti ya sentimita 27 ilikuwa inajulikana, wakairekebisha kwa kugeuza alama ya kujumlisha na kutoa, ikawa 54, ikaja kugundulika 2003. Namba zilikuwepo, ila hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Nilishauri kikaoni tubandike kile kialama cha QR kwenye kila mchoro, fundi anaskani kwa simu yake anaambiwa huu ni wa zamani, basi. Nikajibiwa bajeti hairuhusu. Ila siku ya wageni miwani ya kutazamia modeli ilipatikana, watu wakavalishwa wakawa wanapapasa hewa na kupigwa picha.

Sasa wenye uzoefu wa mikataba nisaidieni, hizo siku mbili za mafundi na zege lililorudishwa vinabebwa na nani? Maana barua ya kujieleza imekuja kwangu, mwisho Ijumaa, na wameituma kwa WhatsApp, picha ya skrini vile vile, tarehe haisomeki.