Tupeane uzoefu: gofu ya diski kwenye kiwanja kifupi, tambarare na kilicho wazi

Muuguzi wa Tampere (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za Jumapili. Humu tuko wengi tulioukuta ughaibuni mchezo huu wa kurusha diski hadi itue kwenye kikapu chenye minyororo, kwa mirusho michache iwezekanavyo, na kila mgeni akiuliza aanzie wapi anajibiwa vilevile: nenda msituni, ndiko kwenye mchezo wenyewe, kile cha nyasi tupu ni cha watoto. Mimi siafiki hata kidogo, na nimeona wageni wakikata tamaa kwa ushauri huo.

Hapa Finland viwanja vimejaa, vingi ni vya bure, na diski zinauzwa hadi supamaketi. Ninachocheza mimi kiko nyuma ya shule. Mashimo 9 (shimo ni njia moja, kutoka pa kurushia hadi kikapuni), nyasi zimekatwa, kilima hakuna, kila kikapu unakiona tangu unaposimama kurusha, na shimo refu kuliko yote ni kama mita 70. Nikitoka zamu ya usiku napitia pale kabla ya kulala, na diski moja tu ya kumalizia, basi.

Hoja yangu ni hii: kwenye uwazi diski inamaliza safari yake. Ikipinda unaona imeanzia wapi kupinda. Ikipanda, ikasimama hewani kisha ikaanguka kushoto, unajua uliiachia pua ikiwa juu. Msituni ingegonga msonobari mita 15 tu kutoka mkononi, na usingejua kama mrusho ulikuwa mzuri au mbaya. Mtu anayejifunza anahitaji jibu la kila mrusho, na uwanja ulio wazi haumnyimi.

Haya, wenzangu mlioanzia viwanja vya aina hii, viliwafunza nini? Na wapi vilikwama?

Mhandisi wa Mvuke (Naivasha, kwa sasa Reykjavík)

Asante kwa uzi, dada. Mimi niko Iceland kwa mafunzo ya jotoardhi, yale ya miezi sita yanayotolewa hapa tangu mwaka 1979. Wakenya tumepita hapa wengi sana, hasa sisi wa Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke. Jioni baada ya masomo naenda Klambratún, bustani iliyo katikati ya mji, yenye jumba la sanaa la Kjarvalsstaðir ndani yake. Kuna vikapu 9, ardhi ni sawa, huhitaji kulipa. Mwezi wa Juni giza haliingii, kwa hivyo saa nne usiku bado unakuta familia zinarusha.

Mwalimu wangu pale ni upepo. Mtu akikuambia uwanja mfupi na ulio wazi ni rahisi, muulize ameucheza siku gani. Mimi natumia mkono wa kulia, navuta diski kutoka kifuani, na siku tulivu mwisho wa safari inaelekea kushoto kidogo. Upepo ukitoka mbele, hewa inapita kwenye diski kwa kasi kubwa zaidi, nayo inafanya kama imerushwa kwa nguvu kuliko ulivyokusudia: inageukia kulia na kupaa. Ukitoka nyuma, inapoteza kuelea, inashuka mapema. Na ule wa ubavuni ndio mkorofi kabisa, kwa sababu ukilipata tumbo la diski, unaibeba moja kwa moja hadi barabarani.

Mtu anapoona upepo wa mbele huongeza nguvu. Hapo ndipo mambo yanaharibika. Dawa ni kurusha chini, usawa wa kifua, kwa nguvu ya wastani, na kuchukua diski isiyogeuka upesi. Juu ya diski nyingi utaona namba nne: kasi, kuelea, kugeuka mwanzoni, kupinda mwishoni. Ile ya tatu ikiwa hasi 2 au hasi 3, yaani inageuka upesi, kwenye upepo wa mbele iache mkobani. Mambo haya nisingeyaona kati ya miti, kwa sababu miti inakata upepo.

Mama Watatu (Iowa)

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mimi ni wa Uvira, sasa tuko Iowa na watoto wangu. Huku nchi yenyewe ni tambarare, kwa hiyo bustani karibu na nyumba zetu ina kiwanja hichohicho mnachokizungumzia.

Nitasema la mzazi. Nikiwa kwenye shimo la tatu namwona aliyekimbilia la tano. Gari la mtoto mchanga linapita bila taabu. Diski hazipotei, na kwetu hilo ni jambo kubwa, maana diski mpya si bei ya kuchezea. Wadogo nawapa nyepesi, gramu 150 hivi, kwa sababu ile ya 175 inawashinda kuizungusha, na diski isiyozunguka haiendi popote.

Lakini uwazi una hatari yake, na naomba tuiseme. Kwa kuwa hakuna ukuta wala miti, watu wanakatiza na mbwa, watoto wengine wanacheza mpira humohumo. Sheria ya nyumbani kwangu: harushi mtu mpaka walio mbele wametoka kwenye kikapu, na ukiona diski inaelekea kwa mtu unapiga kelele papo hapo. Diski ngumu ikimpata mtu usoni ni hospitali. Ndiyo maana draiva, zile diski za kurushia mbali zenye ukingo mkali, hatuzitoi kabisa pale. Uwanja mfupi hauzihitaji.

Mzee wa Minyororo (California)

Mama Watatu umesema kweli tupu.

Naongeza upande wa kikapu, maana watu wanakimbilia kurusha mbali na kusahau kwamba mabao yanahesabiwa pale mwishoni. Mimi niko upande wa Los Angeles, huku ulikozaliwa uwanja wa kwanza wa kudumu, Oak Grove, mwaka 1975. Aliyeupanga ni Ed Headrick, na mwanzoni shabaha zilikuwa nguzo tu, mkibishana imegusa, haijagusa. Minyororo na kapu vilikuja baadaye, kwa hati ya uvumbuzi ya 1977. Minyororo inainyonya kasi ya diski ili idondoke kapuni. Ukiipiga kwa nguvu mno inatokea upande wa pili.

Sasa angalieni uwanja wa mita 50 au 60. Mrusho wa kwanza wa mtu wa kawaida unamwacha mita 8, mita 12 kutoka kikapuni, kila shimo. Hakuna uwanja mwingine unaokupa nafasi nyingi hivyo za kumalizia kwa saa moja. Ndani ya mita 10 sheria inakutaka ubaki umetulia nyuma ya alama yako baada ya kurusha, usitangulie mbele. Wengi wanajifunza kuruka ruka na kusogea, halafu wakienda mashindanoni wanaadhibiwa. Zoea mapema: mguu nyuma ya diski, rusha, hesabu moja, ndipo utembee.

Kijana wa Columbus

Wakubwa, heshima zenu, ila mimi nitapinga kidogo. Nilipokaa sana kwenye kiwanja kilicho wazi nilizoea kwamba popote inapoangukia ni sawa, kushoto mita 10, kulia mita 10, nyasi ni zilezile. Nikapelekwa kwenye njia nyembamba ya miti nikashindwa shimo zima. Uwazi haukuadhibu, na nadhani usipoadhibiwa hukui.

Muuguzi wa Tampere

Mdogo wangu, hilo ni kweli, na nimefurahi umelisema. Adhabu unaweza kuiweka mwenyewe. Mimi nachagua nguzo ya taa iliyo njiani na kujiwekea kwamba diski lazima ipite kulia kwake. Mzunguko unaofuata, kushoto. Siku nyingine narusha kwa upande wa kiganja tu, mashimo yote 9. Vikapu vile vile, lakini kazi ni mpya kabisa. Ukishaweza kumaliza karibu kila shimo kwa mirusho miwili ukiwa na masharti hayo, nenda msituni kwa amani.

Mgeni wa Edmonton

Samahani kwa kuchelewa. Mimi natumia mkono wa kushoto, hayo ya Mhandisi yananihusu? Na theluji ikishuka mnafanyaje, maana kwetu kiwanja chote kinakuwa karatasi nyeupe?

Mhandisi wa Mvuke

Yanakuhusu yote, geuza tu pande. Yako itamalizia kulia, na upepo wa mbele utaigeuzia kushoto.

Muuguzi wa Tampere

Kwa theluji, bandika utepe mwepesi chini ya diski, urefu wa kama mita moja, kwa selotepu. Theluji laini inaimeza diski, nayo inateleza chini kwa chini mbali na tundu uliloliona, ila utepe unabaki juu. Rangi ya waridi au machungwa. Diski nyeupe iache nyumbani hadi Aprili.