Waganga wa kwenye nguzo za umeme wanatuvunjia familia, nani anawalinda?

Wakuu, nina hasira na sitaki kuificha.

Pita Mbagala Rangi Tatu, Buguruni, Manzese, Tandika, popote penye nguzo utakuta kibao: mganga kutoka Sumbawanga, anasafisha nyota, anarudisha mpenzi, mvuto wa biashara, pete ya bahati, halafu namba ya simu. Jina hakuna, anakopatikana hakuna.

Mama yangu mdogo anauza samaki. Biashara ilipoyumba akapiga namba mojawapo. Akaambiwa nyota yake imefungwa na mwanamke wa ukoo wake, maji ya kunde, mcheshi, anayemtembelea mara kwa mara. Jamani, nani mjini hapa hana ndugu wa namna hiyo? Yeye akamwona dada yake, yaani mama yangu mzazi. Ikafuata hela ya ubani, ya sanda, ya mbuzi mweusi wa kafara, zote kwa simu, mpaka mtaji ukakata. Alipoishiwa, namba ikawa haipatikani.

Pesa zinatafutwa. Kinachoniuma ni arobaini ya babu. Mama mdogo alikuja na chupa yake ya maji kwenye mkoba, na sahani ya pilau aliyopewa na mama akaisogeza pembeni bila kuigusa, watu wote wanaona. Hawa wamenyonya ziwa moja! Mama aliingia chumbani, hakutoka mpaka wageni walipoondoka.

Hiyo ndiyo ramli chonganishi, na nchi hii inajua inachozaa. Januari 2009 Waziri Mkuu Pinda alifuta vibali vya waganga wa jadi kwa sababu ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Januari 2015 Wizara ya Mambo ya Ndani ikapiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ileile. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, ya tiba asili tangu 2002, na baraza la kusajili waganga lipo. Vibao viko palepale.

Na asije mtu hapa kuniambia mambo haya yapo tangu enzi. Sheikh Yahya Hussein alikuwa mnajimu wa kujulikana, kwake Magomeni, na alipotabiri kuelekea uchaguzi wa 2010 kwamba atakayempinga Kikwete ndani ya CCM atakufa ghafla, alisema kwa jina lake na akajibiwa kwa jina lake. Babu wa Loliondo mwaka 2011 alitoza shilingi 500 kwa kikombe cha dawa yake, na kila mtu alijua yuko kijijini Samunge. Siwatetei, wapo wagonjwa walioacha dawa za hospitali kwa ajili ya kikombe kile. Ila walikuwa na sura na makazi. Huyu wa nguzoni utamdai wapi?

Halafu fundi cherehani akiandika jina la duka lake ukutani, anafuatwa alipie bango. Hao wanaofuata mabango, nguzo hawazioni?

Namba ile tumeituma 15040, kunakoripotiwa matapeli wa simu. Ukiona kibao kituoni kwako, kibandue, namba yake itume hukohuko.

Na kama kuna ambaye ndugu zake walichonganishwa hivi wakapatana, naomba aniambie mlianzia wapi. Wazee wetu wamekaa kikao, na mama mdogo bado hapokei simu ya dada yake.