Ziwa Ellis, Mlima Kenya: baba mzee ataweza kulala huko?

Binti wa Mfangano: Habari zenu. Baba alikulia Mfangano, kisiwa cha Ziwa Victoria, akivua mbuta na ngege. Sasa amestaafu, anatamani sana kuvua trauti kwenye maji baridi. Nasikia Ziwa Ellis gari linafika. Tutoke Kasarani Jumamosi alfajiri na Prado ya shemeji, tulale ziwani usiku huohuo. Inawezekana?

Mzee wa Mshipi: Dada, kufika mtafika, ila kulala ziwani usiku wa kwanza nakusihi msithubutu. Nairobi tuko kama mita 1,700, Ellis ni karibu 3,500. Mzee ataumwa kichwa, atasikia kichefuchefu, na usingizi hatauona. Laleni lango la mbuga la Chogoria, mita 2,950, mpande kesho yake polepole. Akianza kuyumba, au kuhema hali ameketi, msingoje kukuche. Mteremsheni saa hiyohiyo.

Kuhusu samaki, mwambie aache minyoo nyumbani. Trauti wa mlimani tunamvua kwa nzi bandia, ndoano ndogo iliyofungwa manyoya. Maji yakitulia utaona viduara juu yake. Hapo ndipo anapodokoa wadudu. Rusha mbele kidogo ya kiduara, na simama mbali na ukingo, maana akiona kivuli chako amekwenda. Huyu samaki si wa asili hapa. Waliletwa Kenya mwaka 1905, wakatiwa mto Gura kule Aberdare. Lakini mzee aliyezoea ziwa atamwelewa upesi, nina hakika.

Ulizeni habari za kibali cha kuvua kabla ya safari.

Wa Chuka: Maharage chemsheni nyumbani kabisa. Kule juu maji huchemka yakiwa kama nyuzi 88, mtamaliza gesi ya meko na bado ni mawe. Kiingilio cha mbuga lipeni mapema kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali. Na maji msibebe kwenye chupa za plastiki za kutupa. Zimepigwa marufuku mbugani tangu Juni 2020. Blanketi zito, tafadhali. Usiku huganda.

Binti wa Mfangano: Asanteni sana. Sikusema, baba anameza dawa za presha.

Mzee wa Mshipi: Basi aanzie kliniki, daktari aambiwe hiyo mita 3,500 waziwazi. Akikatazwa, mpeleke Naro Moru. Mto wake una trauti pia, na mjini pale ni kama mita 2,000 tu. Atavua vizuri na mtalala kwa amani.