Maua ya kadi za kwanjula yameota ukungu kitabuni, nisaidieni

MamaZuhura (Jinja):

Wapendwa, naombeni msaada. Mdogo wangu ana kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, Desemba, nami nimemwahidi kadi 60 za mwaliko za mkono, kila moja na kipande cha lubugo, kitambaa cha gome la mti, na juu yake ua lililokaushwa. Ndiye aliyenilelea wanangu wawili mwaka ule nilipolazwa, sitaki kumpa kadi ya dukani.

Nilianza wiki mbili zilizopita. Nachuma alfajiri kabla sijaenda sokoni, nalaza maua katikati ya kurasa za kitabu kikubwa chenye karatasi za kung'aa, juu nabebesha matofali mawili, kisha sifungui kabisa nisije nikayaharibu. Jana nikafungua. Franjipani zote zimekuwa kama ganda la ndizi lililolala siku tatu. Waridi limeota ukungu mweupe wenye manyoya, limenata kwenye ukurasa hadi nikalichana nikilibandua. Bogenvilia peke yake imetoka salama, zambarau ileile! Sisi tuko karibu na ziwa, na mvua sasa ni kila jioni. Niongeze tofali la tatu?

Halafu lubugo inainywa gundi yote, ua linadondoka.

Mzee_Kangaga (Mbale):

Mama Zuhura, pole, na usiongeze tofali. Tofali linanyoosha ua, halilikaushi. Ua lenye maji likifungiwa mahali pasipo hewa litaoza kabla halijakauka, ndicho kilichokupata. Zaidi ya hapo unachuma na umande juu yake, na ile karatasi ya kung'aa hainywi maji.

Nimewahi kuwabebea mizigo watafiti wa mimea Mlima Elgon, na kazi yangu ya jioni ilikuwa kukausha walichochuma. Kule ukungu wa mlimani unaingia hata ndani ya blanketi. Tulipanga hivi: kipande cha boksi, lile lenye mawimbi katikati, kisha gazeti, mmea, gazeti, boksi tena, mpaka rundo lifike magotini. Tunalifunga kwa mikanda miwili, tunalisimamisha kwa ubavu karibu na jiko, si juu ya moto, ili joto lipite kwenye vile vijibomba vya boksi. Magazeti tulibadilisha kila siku, siku mbili za kwanza asubuhi na jioni. Yaliyolowa yanaanikwa, kesho yanarudi kazini. Aliyeona uvivu kubadilisha, mimea yake iligeuka nyeusi.

Sasa bogenvilia. Chukua moja uitazame karibu. Hizo zambarau unazoziita ua ni majani, membamba kama karatasi ya kuvutia sigara, na kwa kawaida yako matatu pamoja. Ua lenyewe ni kile kijibomba cheupe kilichoshikamana na mshipa wa kila jani. Majani hayo hayana maji mengi, basi yanakauka kabla hayajaharibika. Franjipani ni nene na ina utomvu, mimi ningeiacha. Waridi lipasue petali moja moja, zikauke mbalimbali, utalipanga upya juu ya kadi.

Chuma saa nne hivi asubuhi, umande ukishaondoka na jua halijawa kali. Na kabla ya kubandika, gusisha ua kwenye mdomo wa juu. Ukihisi ubaridi, bado lina maji.

BiSauda (Kampala):

Mzee kasema kweli tupu. Mimi nauza kadi za aina hii, naongeza ya lubugo.

Kwanza inyooshe kwa pasi yenye joto kidogo, upande wa nyuma. Pale ua litakapokaa, paka gundi nyeupe ya maseremala kwa brashi, nyembamba sana, uiache ikauke kabisa. Hiyo inaziba nyuzi. Kisha tia nukta ndogo za gundi nyuma ya ua kwa kijiti cha meno, libandike, funika kwa karatasi ya nailoni, weka kitabu juu kwa saa moja. Usitumie uji wa muhogo! Nilipoteza kadi 25 kwa mende, nililia.

Kama siku zinakubana, tumia pasi na kwenye ua: liweke kati ya karatasi mbili nyeupe, pasi ya joto la chini bila mvuke, hesabu hadi kumi, inua, liache lipoe, rudia. Anza na kangaga, ule mmea usiotoa maua wenye majani kama manyoya ya ndege, hauna shida. Ila pasi ya mkaa siipendi kwa kazi hii, jivu likidondoka rangi imekwisha.

Kitu kimoja kinanigusa kila mwaka: mvua hiyo inayokutesa ndiyo msimu wa kubandua gome la mutuba, mti unaotoa lubugo. Wanaotwanga lubugo kwa nyundo zao za mbao wanaisubiri. Kwa hiyo nunua lubugo sasa, na maua yakaushie jikoni.

Kadi zikiisha ziweke kabatini, jua la dirishani litakula hiyo zambarau.

MamaZuhura (Jinja):

Mzee wangu, na dada Sauda, Mungu awabariki. Nimeomba maboksi kwa muuza sabuni, magazeti ya zamani ya Bukedde kwa jirani, rundo limekaa siku sita karibu na sigiri. Wanangu ndio wanaobadilisha magazeti, wanagombania kugusisha mdomo.

Leo nimebandika ya kwanza: petali tano za waridi jekundu, sasa limekolea kama damu ya mzee, na ncha ya kangaga yenye urefu wa kidole. Juu ya ile hudhurungi ya lubugo inapendeza mno. Nimeigeuza, nimeitikisa, haikudondoka. Zimebaki 59.